Siku Niliyoandika "Hakuna" kwenye Fomu ya Bustani

Nyie vijana wa ofisi ya ardhi mmenishika shati mpaka nimekaa chini kuandika. Siku ya kuniaga mwenzenu mmoja alinipa daftari jipya, akaniambia, "Mzee Makame, tuandikie mambo ya kazi, sisi tutayachapa." Haya, nayaandika. Vyeo sitavitaja, kwa kuwa vilikuwa vichache na vyote vilichelewa. Mshahara mnaujua, ni huo huo mnaoulalamikia kila mwisho wa mwezi. Nitaandika nilivyoanza, aliyenifundisha, halafu lile jambo la Bustani, ambalo mpaka leo sijui kama limekwisha au linaendelea. Mkiona nachanganya mambo, msiseme mzee kachoka. Jambo lenyewe ndivyo lilivyo, na mimi nilikuwa ndani yake kwa akili zangu timamu.

Siku ya kwanza kazini nilivaa viatu vya ngozi. Vilikuwa vya kaka yangu, alivyovaa harusini kwake, vinanibana, na nilivipiga rangi mpaka vikang'aa, maana nilijua naenda ofisini. Nikafika Kilindoni mapema, nikapiga hodi. Barazani kulikuwa na bwana mmoja mfupi amechuchumaa, anapaka mafuta mnyororo wa kupimia. Huyo ndiye Mzee Mbwana, mpima wetu, mtu wa Rufiji aliyehamishiwa Mafia akasahauliwa huku. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akavitazama viatu vyangu kwa muda. Alinikabidhi mnyororo na panga, tukaenda kupima eneo lililopakana na mikoko. Nilirudi pekupeku. Kiatu kimoja kilibaki matopeni mpaka kesho, na kaka yangu alininunia mwezi mzima.

Mzee Mbwana hakuwa mwalimu wa maneno mengi. Ukikosea alikuwa anakuacha umalize, halafu anakwambia urudie kutoka mwanzo. Kwake nilijifunza kwamba mnyororo wa chuma ukishika jua unarefuka, kwa hiyo vipimo vya asubuhi na vya mchana havilingani, na mtu asiyejua hilo atagombanisha majirani bure. Nilijifunza pia kuutembea mpaka wote kwa miguu kabla ya kufungua chombo chochote. Na nilijifunza kuzika chupa. Hili la chupa nyie mlilikuta limekwisha, kwa hiyo nitalieleza.

Tukishapima tulikuwa tunasimika bikoni, yale mawe ya saruji yenye chuma katikati, kuonyesha pembe za kiwanja. Sasa kile chuma hapa kwetu kina soko. Kinamama wakienda kutafuta pweza maji yakitoka wanahitaji chuma cha kuchokonolea mashimoni, na chuma cha bikoni kimenyooka vizuri, urefu wake ni kama kimepimwa kwa kazi hiyo. Unasimika bikoni Jumatatu, Alhamisi unakuta shimo. Mzee Mbwana hakugombana na mtu. Alikuwa anazika chupa ya soda chini ya kila bikoni, mdomo chini, kina cha mkono mzima. Chuma kikiibwa na jiwe likang'oka, chupa inabaki, na pembe ya kiwanja haipotei. Nusu ya mipaka ya Kilindoni imekalia chupa za soda, na ninyi mnapoitafuta kwa vile vidude vyenu vya satelaiti mjue hivyo.

Kesi yangu ya kwanza ngumu ilikuwa ya majirani wawili, mashamba yao yamepakana. Walileta malalamiko ofisini, wakasema wanagombana. Mzee Mbwana akachukua mnyororo, tukapima siku nne, jua la kupasua kichwa. Siku ya tano akawaita, akawaonyesha mpaka kwenye karatasi, kila mmoja na haki yake. Wakatazamana. Mmoja akasema, "Mzee, mpaka huu sisi tunaujua, hatujaugombania hata siku moja. Tunagombania mnazi ule pale." Mnazi wenyewe ulikuwa ndani ya shamba la mmoja, hatua ishirini kutoka mpakani, na mwenzake anadai ni wake, kaachiwa na babu. Mzee Mbwana akauliza, itakuwaje mti uwe wako ndani ya shamba la mtu? Wakamshangaa wote wawili kwa pamoja, ile hali ya maadui kupatana ghafla.

Mimi nilikuwa nyuma yao nimebana kicheko. Kwetu Mafia, ardhi ni kitu kimoja na mnazi ni kitu kingine. Mtu anaweza kuuza shamba akabaki na minazi yake mle mle. Anaweza kuwa na mnazi mmoja katikati ya shamba la mtu, akampeleka mkwezi aangue nazi bila kuomba ruhusa ya mtu. Minazi inarithiwa, inatolewa mahari, inawekwa wakfu kwa ajili ya msikiti. Mtoto wa miaka saba analijua hilo. Tulipokuwa tunarudi Mzee Mbwana akaniuliza, "Ulikuwa unajua siku zote nne?" Nikamwambia ndiyo. "Mbona hukuniambia?" Nikamwambia sikudhani kama ni jambo la kuambiwa. Kesho yake akanirudishia mimi kazi ya kubeba mnyororo peke yangu.

Mzee Mbwana alistaafu, akarudi kwao Rufiji, Mungu amrehemu. Mnyororo ukaenda stoo, ukaja utepe, ukaja ule mtambo wa miguu mitatu, zikaja kompyuta. Miaka ikapita kwa namna ambayo siwezi kuieleza, unaamka tu unasikia vijana wanakuita mzee. Bosi wangu wa mwisho alikuwa Bi Neema, dada wa bara, umri wa binti yangu, mtaratibu na mwenye heshima. Mimi ndiye wa chini yake na yeye ndiye aliyekuwa ananiamkia shikamoo kila asubuhi. Namtaja ili mjue mapema kwamba katika haya ninayoeleza yeye hana kosa.

Bustani mnaijua, kile kipande cha ardhi ukitoka sokoni kuelekea baharini. Zamani serikali kuu ilikitenga kiwe bustani, wananchi wapate pa kupumzikia. Wananchi hawakupumzika pale hata siku moja, labda mbuzi. Palikuwa na kibao, kikaanguka, mtu akakifanya mlango wa banda la kuku. Lakini kwenye ramani ilibaki bustani, imepakwa kijani, mali ya serikali kuu, na mji ulipotanuka ukaizunguka pande zote. Basi mji ukaitaka. Wanataka kujenga stendi, vibanda vya biashara, na pembeni waweke bustani ya kweli yenye viti. Serikali kuu ikasema haina kinyongo, ichukueni. Kwa hiyo serikali kuu inakabidhi, mji unapokea, na katikati yao nipo mimi na utepe wangu. Nilikuwa nimebakiza mwaka na ushei kustaafu, nikaona hii ndiyo kazi ya kuagia.

Barua ya kwanza kutoka bara ilitutaka tuthibitishe kwamba ardhi ile ni ya serikali kuu. Niliisoma mara tatu. Iliyoandika barua ni serikali kuu yenyewe. Nikampelekea Bi Neema.

"Wanataka sisi tuwaambie kwamba ni yao," akasema.

"Na sisi tumejuaje kama ni yao?"

Akafikiri. "Si wao ndio walituambia, mzee."

Tukawaandikia hivyo, kwamba kwa mujibu wa barua yao ya zamani, ardhi ni yao. Wakatushukuru kwa ushirikiano. Mimi nilirudi mezani kwangu nikiwa sielewi ni nani hasa amemthibitishia mwenzake, lakini faili lilisogea.

Halafu ramani. Ramani ya zamani ilisema Bustani inaishia kisimani, na kisima kilikwishafukiwa, juu yake kuna duka la simu. Kidude cha satelaiti kikatoa vipimo vingine, ramani ya mji ikatoa vingine. Bustani tatu, moja kubwa, moja ya wastani, moja imeingia baharini kidogo. Nikachukua jembe, nikachimba kwenye pembe nilizokumbuka tulizika chupa na Mzee Mbwana. Nikapata chupa tatu kati ya nne. Bi Neema alisimama akanitazama ninavyozifuta udongo, akaniuliza kwenye ripoti tutaandika tumetumia kipimo gani. Tukaandika "alama za kudumu chini ya ardhi," na hakuna aliyeuliza zaidi.

Ikabaki fomu ya makabidhiano. Swali la tisa liliuliza kama kuna mtu au kikundi chenye madai juu ya ardhi hii, na kama wapo, waorodheshwe na madai yao. Hili swali ndilo lenye uzito, nyie mnajua. Ukiandika wapo, kazi inasimama mpaka wasikilizwe, walipwe fidia au wakubaliane. Ukiandika hakuna, mashine ya kufyeka na kusawazisha inaweza kuja.

Sikulijibu mezani. Nilifanya nilivyofundishwa, nikaenda kwa miguu, pamoja na mwenyekiti wa kitongoji. Tukawauliza watu wote wanaoishi kandokando na wote tuliowakuta mle ndani. Kuna mtu mwenye ardhi hapa? Hakuna, ni ya serikali. Kuna mtu anayedai kipande? Hakuna. Hata mwenye mbuzi alisema yeye hadai kitu, mbuzi tu.

Katikati ya Bustani tulimkuta Bi Mize. Bi Mize ni mjane, mama mtu mzima, anakaa mtaa wa nyuma ya soko. Alikuwa amekaa juu ya mkeka anasuka makuti. Nikamwamkia, akaitikia, tukaulizana hali za watu wa nyumbani mpaka tukamaliza. Akaona jua limenipata, akamwita mkwezi wake aliyekuwa juu ya mnazi akamwambia amshushie Makame dafu. Likaletwa, nikanywa. Dafu tamu, nalikumbuka. Nikamwuliza na yeye.

"Bi Mize, kuna mtu yeyote mwenye ardhi hapa?"

"Ardhi? Hakuna baba. Hii ya serikali tangu enzi."

"Na wewe hudai?"

"Nidai ardhi mie? Ya nini?"

Nikamshukuru kwa dafu lake. Nikaegemea mnazi wake, nikafungua fomu, na kwenye swali la tisa nikaandika neno moja: Hakuna. Ofisini nikagonga muhuri. Nimeeleza polepole hivi makusudi, ili mwone kwamba sikuwa na haraka, sikuhongwa, wala sikudanganya mtu. Nilijua minazi ile kumi na minne ni ya Bi Mize kama ninavyojua jina langu. Ningeulizwa minazi ya nani, ningejibu kabla swali halijaisha. Sikuulizwa minazi. Wala yeye sikumwuliza minazi, kwa sababu hakuna mtu wa Mafia anayetafuta habari za minazi kwenye karatasi ya ardhi.

Makabidhiano yalifanyika pale pale, chini ya turubai, na viti vya plastiki na soda. Nilitegemea nitaona wakubwa wawili wakipeana mikono. Akaja bwana mmoja. Huyo bwana alikuwa anakaimu nafasi ya anayekabidhi, kwa kuwa mwenyewe yuko likizo, na alikuwa anakaimu pia nafasi ya anayepokea, kwa kuwa mwenyewe kahamishwa. Akakaa kiti cha kushoto, akasaini kukabidhi. Akasimama, akahamia kiti cha kulia, akasaini kupokea. Watu wakapiga makofi. Mimi nilipiga pia, ingawa sikujua nampongeza kwa lipi kati ya mawili. Bi Mize alikuwepo, alipewa soda kama wengine.

Wiki chache baadaye Bi Mize akaja ofisini. Alikuwa hajawahi kufika ofisini kwetu hata mara moja. Nikamwamkia, nikampa kiti, akakaa ukingoni kama mtu asiyetaka kukichafua.

"Baba Makame, kuna watu wanapiga rangi minazi yangu."

"Rangi gani, mama?"

"Nyekundu. Kila mnazi kamsalaba. Nimewauliza, wamesema inakatwa, inapita barabara ya stendi. Nikawaambia hii ya watu. Wakasema wao wana karatasi, na karatasi inasema hakuna mtu. Ndiyo nimekuja uniambie nani kaandika karatasi hiyo."

Nilikwenda kabatini, nikalitoa faili, nikalifungua kwenye swali la tisa, nikamgeuzia. Yeye anasoma herufi za Kiarabu, hizi zetu hazisomi, lakini saini yangu aliijua kwa mchoro, kwa sababu niliwahi kumwandikia barua ya msiba wa mumewe.

"Wewe," akasema.

"Lakini nilikuuliza, Bi Mize. Ulikuwa umekaa pale, nikakuuliza kama kuna mtu anadai."

"Uliniuliza ardhi."

Ilikuwa kweli. Niliona aibu nikatamani ardhi yenyewe inimeze.

Hapo ndipo aliponieleza ambalo sikulijua. Ile minazi ni mahari yake. Marehemu mumewe alipomwoa alikuwa hana kitu kingine, akampa minazi kumi na minne iliyopandwa na baba yake pale kabla hapajaitwa bustani, mbele ya mashahidi, na mashahidi wote wamekwishafariki. "Nyumba ninayolala ni ya watoto wa mume wangu," akasema. "Wananitunza, siwasengenyi. Lakini chungu ni chao, mlango ni wao. Mie nikitaka kumpa mjukuu kitu, nikitaka kutoa sadaka, natoa kwenye minazi. Ikiondoka hiyo, Makame, mie ni mgeni mpaka nife."

Nikampeleka kwa Bi Neema. Akamsikiliza vizuri, kisha akanigeukia.

"Mzee, kwani mti si sehemu ya ardhi?"

"Bara, ndiyo. Hapa siyo."

"Na ulijua kwamba miti ni yake?"

"Nilijua."

"Basi kwa nini hukuandika?"

"Kwa sababu fomu iliuliza ardhi."

Akanitazama, nami nikamtazama. Namwonea huruma mpaka leo, maana nilimwona anatafuta mahali pa kukasirikia hapaoni. Akaniuliza tena taratibu, kana kwamba pengine mara ya pili litaeleweka. Nikajibu vile vile. Nilikuwa nasema kweli na kila nikiisema inazidi kuonekana upuuzi.

Akasema niandike barua ya masahihisho, nikiri kwamba swali la tisa lilijibiwa vibaya. Sitawaficha, nilisita. Nilikuwa nimebakiza miezi mitatu. Mtu unataka utoke kazini watu wakikusifia, siyo uache barua inayosema ulikosea kazi ya mwisho. Siku mbili nilijifanya nina shughuli nyingine. Siku ya tatu nilipita Bustani nikakuta minazi mitatu iko chini. Mashine ilikuwa imefika kwa boti, ikajaribiwa. Bi Mize alikuwa kisiwa cha Chole, kwenye msiba wa ndugu yake. Wafanyakazi wale walikuwa na adabu zao, walimkusanyia makuti yote ya ile minazi na nazi zake, wakayapanga vizuri, wakamwachia mlangoni. Ule moyo mweupe wa kileleni mwa mnazi waliula wenyewe, wakanikaribisha. Nilirudi ofisini nikaandika barua kabla sijakaa vizuri kitini.

Niliandika kwamba mimi, Makame, nilijibu hakuna, na jibu sahihi ni yupo, naye ni Bi Mize, mwenye minazi kumi na minne, sasa kumi na mmoja. Bi Neema akaweka saini, ikapelekwa.

Serikali kuu ikajibu kwamba ardhi ile si yao tena, wameshaikabidhi, barua ipelekwe mjini. Tukaipeleka mjini. Mji ukajibu kwamba wao walipokea ardhi tupu, kama fomu inavyoonyesha, na mwenye malalamiko amwone aliyekabidhi. Aliyekabidhi na aliyepokea ni yule bwana mmoja wa viti viwili, na yeye sasa yuko kituo kingine. Nilimpigia simu. Akaniambia kwa upole kwamba kama mkabidhi ananielewa sana, ila kama mpokeaji mikono yake imefungwa. Nikamuuliza sasa hivi naongea na yupi. Akacheka, akasema hata yeye siku hizi hana uhakika.

Tukajaribu kwenye mfumo wa kompyuta. Mfumo ukasema taarifa haiwezi kubadilishwa baada ya makabidhiano. Kabla ya makabidhiano ningeweza kuibadilisha, lakini kabla ya makabidhiano sikujua kama ina kosa. Nyie mliokuwa pale mnakumbuka tulivyopigwa danadana. Ofisi hii inasema ile, ile inasema hii, na kila barua ni ya heshima, ina salamu, inatutakia kazi njema. Hakuna hata mmoja aliyesema minazi si ya Bi Mize. Wote walikubali ni yake. Ila hapakuwa na mahali pa kuliandika hilo.

Mwisho ikaja barua iliyofanana na jibu. Ilisema wenye mazao katika eneo la mradi wanaelekezwa kuyaondoa mazao yao, wayahamishie kwingine. Nadhani mwandishi alikuwa na muhogo kichwani. Ilibidi mimi nimsomee Bi Mize. Nilimsomea barazani kwake, mjukuu wake wa kike akiwa anamsuka nywele. Aliposikia ahamishe minazi, aliomba nirudie. Nikarudia. Akainua macho akatazama juu, urefu ambao mnazi ungefika kama ungekuwepo pale, akauliza, "Niubebe kichwani au mkononi?" Mjukuu akacheka, mimi nikacheka, yeye hakucheka.

Halafu mashine ikaharibika kifaa fulani kinachosubiriwa kutoka bara, na mimi nikastaafu. Mkanifanyia sherehe nzuri, nawashukuru. Niliwakabidhi utepe, funguo, faili la Bustani, na muhuri, mkanisainisha kila kimoja. Nilidhani nikitoka nje ya geti kichwa kitapumzika. Hakikupumzika. Naamka naanza kupanga upya, labda kosa ni la fomu, labda la mila, labda la yule mama kwa kutosema, labda la bara kwa kutojua. Kila nikimaliza kuwagawia wote, kinabaki kile kipande cha mkono wangu ulioandika, na hicho sijui nimpe nani.

Wiki iliyopita Bi Mize alikuja nyumbani. Asubuhi, mke wangu anakaanga vitumbua. Alikataa chai, jambo ambalo kwetu si dogo. Akasema kasikia kifaa cha mashine kimepanda boti kule Nyamisati, bandari ya bara.

"Nataka uniandikie karatasi," akasema. "Uandike minazi ni yangu. Wewe ndiye unayejua."

Nikachukua daftari hili hili, nikachana ukurasa. Niliandika vizuri, kwa mwandiko wa zamani tuliofundishwa. Niliandika jina lake na la baba yake na la marehemu mumewe, na kwamba alipewa minazi ile kuwa mahari. Niliandika ilipo, mmoja mmoja, kwa hatua kutoka kwenye chupa. Niliandika na ile mitatu iliyoanguka. Nikaandika kwamba mimi niliyekuwa mpima wa eneo lile nilikunywa dafu la mnazi wa nne kutoka barabarani, na nilijua siku ile, kama ninavyojua leo, kwamba ulikuwa wake. Nikasaini.

Akaniomba nimsomee. Nikamsomea yote. Alikuwa anaitikia kwa kichwa kila mnazi ulipotajwa. Nilipomaliza akaichukua karatasi, akaitazama, akaigeuza upande wa pili, akairudisha.

"Na muhuri?"

"Muhuri niliukabidhi, mama. Nimestaafu."

"Ulipokuwa nao uliandika hakuna," akasema.

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayehakikisha tu amesikia sawasawa. Kisha akaikunja karatasi mara nne, akaitia kwenye pindo la kanga yake, akafunga fundo.

"Basi nitaiweka hivi hivi. Mashine ikija nitasimama pale niwaonyeshe."

Nikamsindikiza mpaka barabarani. Nilitaka kumwambia kwamba karatasi ile haitasimamisha mashine. Nikashindwa, kwa sababu katika karatasi zote nilizowahi kuandika juu ya Bustani, ile ndiyo pekee yenye ukweli.